RAV4 ya 2007 iliyotumika, ina miito minne ya usalama: ninunue au niiache?

MamaZuhura ameuliza:

Habari zenu wote. Naomba mnisaidie kabla sijatoa pesa, maana zikishatoka hazirudi.

Nimepata RAV4 ya mwaka 2007, lile umbo la tatu, injini ya petroli ya lita 2.4, gia otomatiki, inavuta magurudumu yote manne. Kwa nje ni safi, na nilipoiendesha ilitulia. Anayeuza ni mwenye gari mwenyewe, si dalali, na kwa kweli amekuwa muungwana: ameniruhusu niikague nipendavyo na amenipa faili lake la matengenezo nikalisome nyumbani.

Wasiwasi ulianza nilipoingia kusoma. RAV4 za miaka hiyo Toyota imeziita zirudi kurekebishwa mara kadhaa, tena kwa mambo ya usalama. Kwenye daftari langu nimeandika hivi: mwaka 2012 amu za miguu ya nyuma, yaani vyuma vinavyoshikilia matairi ya nyuma, ambazo zinaweza kuachia. Mwaka huohuo swichi ya vioo upande wa dereva, inayoweza kuyeyuka na kutoa moshi. Mwaka 2014 waya ulio ndani ya usukani unaopeleka umeme kwenye eabegi (mfuko wa hewa) ya dereva. Mwaka 2016 mikanda ya kiti cha nyuma, kwamba gari likigonga kwa nguvu mbele, fremu ya chuma ya kiti chenyewe inaweza kuukata mkanda.

Hilo la mwisho limeninyima usingizi. Wanaokaa nyuma ni wanangu. Mkanda niliowafunga mimi mwenyewe ili uwaokoe, ukatwe na kiti walichokalia?

Nikaenda tena kwenye malalamiko ya wenye magari yanayokusanywa na NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani. Huku nako kila mtu ana lake. Huyu injini inakunywa oili, yule usukani unagonga akikata kona, mwingine taa imewaka na haijui ni ya nini. Nilitoka nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Gari lenye miito minne ni gari la kukimbia? Nitajuaje kama hili ninalolitazama lilirekebishwa? Na hayo malalamiko, lipi nilichukulie uzito na lipi niliache lipite?

Nassoro_B:

Dada, mimi ningeliacha. Gari lililoitwa mara nne limezaliwa na kasoro. Yapo magari hayajaitwa hata mara moja. Tafuta jingine.

FundiMiguu:

Nassoro ndugu yangu, najua unamtakia mema, ila hapo sikubaliani nawe, na kwa kuwa kuna watoto ndani ya jambo hili nitaeleza kwa urefu.

Gari kuitwa maana yake kasoro imeonekana, imetangazwa, dawa yake imepatikana, na gharama kaibeba mtengenezaji. Gari ambalo halijaitwa linaweza kuwa zima kabisa. Linaweza pia kuwa ni gari ambalo kasoro yake bado haijafuatiliwa na mtu. Kumbukeni matairi ya Firestone yaliyokuwa kwenye Ford Explorer. Yalikuwa yakibanduka ngozi ya juu gari likiwa kwenye mwendo, gari linapinduka. Agosti 2000 ndipo matairi milioni 6.5 yalipoitwa, na vifo vilivyohusishwa nayo Marekani vilifika 271. Sasa fikiria mtu aliyenunua Explorer mwaka mmoja kabla, akaulizia, akajibiwa kwamba matairi hayo hayana wito wowote. Jibu lilikuwa la kweli na bado angeweza kufa nalo. Kutokana na balaa lile Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya TREAD mwaka huohuo wa 2000, inayowalazimu watengenezaji kutoa taarifa mapema, hata za marekebisho wanayofanya kwenye nchi nyingine.

Kwa hiyo, MamaZuhura, idadi ya miito isikuogopeshe. Kinachotakiwa kukuogopesha ni wito ambao haukufanyiwa kazi kwenye gari hilohilo unalotaka kulinunua. Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu miguu ya gari ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Amu za nyuma unazozisema zina uzi wa kurekebishia. Kila upande kuna amu moja inayorefushwa au kufupishwa ili tairi la nyuma litazame mbele sawasawa. Fundi akifanya alaimenti hulegeza nati za kufungia, huizungusha amu mpaka kipimo kikae, kisha hukaza nati. Asipozikaza ipasavyo, uzi unaanza kucheza. Ukicheza unakwanguka, maji yanaingia, kutu inakula, na mwisho amu inaachana katikati. Tairi la nyuma linakosa mwongozo ukiwa kwenye mwendo, na usukani ulioushika hauna la kulifanyia.

Agosti 2012 Toyota iliita karibu magari 778,000 Marekani kwa sababu hiyo, nyingi zikiwa RAV4 za 2006 hadi 2011 na chache zikiwa Lexus HS 250h. Kazi iliyotakiwa ilikuwa kukagua: amu yenye mchezo au kutu ibadilishwe, iliyo nzima nati zake zikazwe kwa kipimo na sehemu ya uzi izibwe. Mwaka uliofuata, 2013, magari hayohayo yakaitwa tena. Kwa nini? Kwa sababu iligundulika kwamba baadhi hayakufanyiwa kazi ile inavyotakiwa. Karatasi inasema imefanyika, lakini nati hazikukazwa ilivyopaswa.

Ndiyo maana nakuomba usiridhike na muhuri wala saini. Hata kama wito ulifanyika vizuri mwaka 2013, kila aliyefanya alaimenti ya nyuma tangu wakati huo amezigusa nati zilezile. Gari lilitoka salama mikononi mwa wakala, kisha mtu mwingine akalegeza, akapima, akasahau kukaza. Hakuna rejista itakayokwambia hilo. Utalijua kwa kuingia chini ya gari na kutazama.

Utazame nini? Gari lipandishwe juu au liwekwe kwenye shimo. Tafuta ile amu yenye uzi na nati. Uzi ukiwa na kutu nyekundu inayotoka unga, au ukiona alama ya kung'aa mahali ambapo nati imekuwa ikisogea, hiyo ni dalili mbaya. Fundi aishike amu kwa mikono miwili aitikise: isiwe na mlio wala mchezo. Kisha tazama matairi ya nyuma, ukipitisha kiganja kutoka ndani kwenda nje. Kama upande mmoja umelika kuliko mwingine, au umechongoka kama meno ya msumeno, uliza alaimenti ya mwisho ilifanywa lini na nani. Na ukiliendesha, zima redio na fungua vioo kidogo, pita kwenye barabara mbovu taratibu. Mgongo wa nyuma ukigonga, au gari likiyumba kwa nyuma hali wewe umeshika usukani wima, usilinunue mpaka hilo lijulikane.

Mikanda ya nyuma ni rahisi zaidi, na hutahitaji fundi. Mwaka 2016 Toyota iliita magari milioni 2.87 duniani kote, RAV4 pamoja na Vanguard ya Japani. Marekebisho yalikuwa kuweka vifuniko vya plastiki ngumu juu ya fremu ya chuma ya kiti cha nyuma, ili mkanda usikutane na makali. Muombe muuzaji akuruhusu ukiinue kiti, upapase kwa mkono pale mkanda unapopita kando ya kalio, pande zote mbili. Ukigusa plastiki, vizuri. Ukigusa ukingo mtupu wa chuma, una haki ya kuamini kwamba kazi haikufanyika mpaka uthibitishiwe vinginevyo. Nakuelewa kabisa kukosa usingizi kwa hili. Ila ni wito wenye dawa ndogo na ya uhakika, na ikishawekwa kwenye gari hakuna alaimenti itakayokuja kuiharibu.

Swichi ya vioo: grisi ya ndani ilipakwa bila usawa kiwandani, swichi ikawa inakwama ikibonyezwa. Magari milioni 7.43 ya aina mbalimbali yaliitwa duniani Oktoba 2012. Hatari kubwa hapo huletwa na mtu anayepulizia mafuta ya makopo ili swichi ilainike, kwa sababu Toyota yenyewe ilionya kwamba vilainishi hivyo vinaweza kuifanya iyeyuke. Bonyeza kila kitufe upande wa dereva. Kikikwama, au ukiona mafuta yamechuruzika kwenye plastiki ya mlango, ulizia.

Eabegi: ukiwasha swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, taa ya eabegi kwenye dashibodi lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipozima, kuna hitilafu, na waya wa usukani ni mmoja wa washukiwa wa kwanza. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, kwa kuwa yawezekana mtu ameiondoa au kuiziba ili mnunuzi asiione.

KaziNjema:

Mbona hamjazungumzia mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata? Hiyo ndiyo iliyoua watu. Na nimesikia RAV4 zinawaka moto kwa sababu ya betri.

Jamila_T:

KaziNjema, umeuliza jambo kubwa, lakini tusimchanganyie dada magari ya vizazi tofauti.

Takata ni kweli. Kifaa cha kujaza mfuko kilitumia amonia naitreti, na ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika. Siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kuliko inavyopaswa, chombo chake cha chuma kinapasuka, na vipande vinamrukia yule ambaye mfuko ulikuja kumlinda. Honda ilianza kuita magari mwaka 2008, na hatimaye Marekani peke yake vikafika vifaa karibu milioni 67. Takata iliomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017. Kwa upande wa RAV4, zilizoingia kwenye orodha ya Marekani ni za 2004 na 2005, yaani umbo lililotangulia hili. Ya betri ni ya mwaka 2023, na inahusu RAV4 za 2013 hadi 2018, karibu milioni 1.85 Marekani: betri ya kubadilishia yenye kichwa kidogo, kama kishikizo chake hakikukazwa vizuri, inaweza kusogea gari likikata kona kwa nguvu, nguzo chanya ikagusa kishikizo, na moto ukaanza. Gari la MamaZuhura halimo humo.

Sasa niongeze upande wa malalamiko, maana fundi amemaliza upande wa miito na nimejifunza mengi.

Malalamiko ya NHTSA yeyote anaweza kuyaandika, na hayahakikiwi moja moja kabla ya kuwekwa. Yapo ya mtu mwenye hasira na wakala wake, yapo ya mtu asiyejua gari lake, na yapo ya mtu aliyeandika kwa makini sana. Usihesabu idadi. Gari lililouzwa kwa wingi litalalamikiwa kwa wingi. Mimi huyasoma nikitafuta mambo matatu yakutane: kifaa kilekile, kilomita zinazokaribiana, na namna ileile ya kuharibika. Watu wasiojuana wakieleza kitu kimoja kwa maneno yao tofauti, hapo ninasimama. Gari nililokuwa nalo huko nyuma, la kampuni nisiyoitaja, lilikuwa na mlio ambao kila fundi aliniambia ni wa kawaida. Nilipokuta wenye magari wengine wameueleza vilevile, hadi mahali unapotokea, ndipo nilipopata ujasiri wa kudai sehemu hiyo ifunguliwe. Malalamiko yana faida hiyo: yanakuonyesha kitu ambacho wito haujakifikia na pengine hautakifikia kamwe.

Kwa gari lako, kitu hicho ni oili. Injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4 iliyokuwa kwenye RAV4 za 2006 hadi 2008 za Marekani ililalamikiwa sana kwa kula oili, kwa sababu ya ringi za pistoni. Haikuitwa kama kasoro ya usalama. Toyota ilirefusha dhamana ya kazi hiyo kwa muda na muda huo umekwisha. Ndiyo maana ukitafuta kwenye orodha ya miito hutaiona, na ndiyo maana watu wananunua wakidhani gari limetakata. Kipimo kilichotumika kilikuwa hiki: injini ijazwe oili mpaka alama ya juu, gari liendeshwe maili 1,200, karibu kilomita 1,900, kisha ipimwe tena. Ikipungua kwa zaidi ya robo moja ya galoni ya Kimarekani, ambayo haifiki lita moja, imefeli.

Wewe huwezi kuliendesha gari la mtu umbali huo kabla ya kulinunua. Lakini chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, gari likiwa limepoa, kabla muuzaji hajapata nafasi ya kuongeza. Angalia ndani ya bomba la eksozi kama kuna masizi meusi yenye mafuta. Na kwenye faili alilokupa usitazame tarehe za kubadilisha oili tu. Tazama risiti za kununua oili katikati ya tarehe hizo.

Usukani unaogonga nao umelalamikiwa kwenye umbo hili, na mara nyingi ni shafti ya kati ya usukani. Unakera, gharama ipo, lakini usiuweke kundi moja na amu.

MamaZuhura:

Fundi, Jamila, Mungu awabariki. Nimesoma majibu yenu mara ya pili nikiwa na daftari.

Nimerudi kulitazama. Dipstiki nimeichomoa asubuhi, oili iko katikati ya alama mbili. Ila nyuma ya kiti nimeona dumu la oili lililotumika nusu. Nilipomuuliza akasema ni ya akiba ya safari. Sikutaka kumshuku, nikaandika tu.

Taa ya eabegi imewaka, ikazima. Vioo vyote vinapanda na kushuka, vitufe havikwami. Kiti cha nyuma sikuthubutu kukiinua peke yangu.

Lililonikwamisha ni namba ya chesisi. Nilitaka kuiingiza kwenye tovuti ya NHTSA, inadai tarakimu na herufi 17. Ya gari hili inaanza na ACA31W, kisha kistari na tarakimu saba tu. Kwenye faili kuna karatasi mbili za Kijapani ambazo siwezi kuzisoma. Je, namba imechezewa? Na kama wito wa zamani haukufanyika, bado unaweza kufanywa bure baada ya miaka yote hii?

FundiMiguu:

Haijachezewa, ondoa shaka. Hilo ni gari lililotengenezwa kwa soko la Japani. ACA31W ndiyo RAV4 ya 2.4 inayovuta magurudumu manne, na magari ya soko lile hutumia namba fupi ya fremu badala ya ile ya 17. Kilichobaki ni kuhakikisha namba iliyogongwa kwenye bodi, iliyo kwenye kibati cha kwenye injini, na iliyo kwenye hati za umiliki ni moja. Zisome mwenyewe kwa macho, usisomewe.

Ila habari hii inabadilisha jambo moja muhimu, na ningelipenda ulielewe kabla hujaendelea. Orodha uliyoiandika kwenye daftari ni ya Marekani. Kila wito hutajwa kwa soko, kwa kiwanda na kwa kipindi cha kutengenezwa. Gari la Japani linaweza kuwa nje ya wito fulani wa Marekani, na linaweza kuwa ndani ya wito wa Japani ambao hujawahi kuusoma. Tovuti ya NHTSA kukosa namba yako haimaanishi gari ni salama. Maana yake ni kwamba umeuliza mlango usio wake. Toyota Japani ina ukurasa wake wa kutafuta wito kwa namba ya fremu. Andika herufi za mwanzo, kistari, na tarakimu zilizobaki. Tumia kitafsiri cha simu, kisha piga picha ya jibu pamoja na namba. Wito wa mikanda wa 2016 uligusa pia magari ya Japani, kwa hiyo huo utafute kwanza. Hata injini usiihukumu kwa mwaka pekee: Marekani RAV4 ilihamia injini ya lita 2.5 kuanzia modeli ya 2009, Japani ile ya 2.4 iliendelea.

Na hizo karatasi mbili za Kijapani mpe mtu anayesoma, au zipige picha uzipitishe kwenye kitafsiri. Zinaweza kuwa kumbukumbu za ukaguzi, na ndani yake kukawa na usomaji wa kilomita wa miaka ile. Linganisha na uliopo kwenye dashibodi leo.

Kuhusu kufanywa bure. Wengi wanachanganya hapa. Sheria ya Marekani inataja miaka 15 tangu gari lilipouzwa kwa mnunuzi wa kwanza, na kabla ya mabadiliko ya 2015 ilikuwa 10. Lakini hesabu hiyo ni ya umri wa gari siku wito unapotangazwa. Haihesabiwi siku wewe unapofika mlangoni. Gari la 2007 lililoitwa 2012 lilikuwa bado changa kisheria. Kwa la soko la Japani usitegemee sheria ya Marekani: mwandikie mwakilishi wa Toyota, mpe namba ya fremu na jina la wito uliokuta haujafanyika, akujibu kwa maandishi kama atalifanyia kazi gari hilo. Fanya hivyo kabla ya kulipa, kwa sababu jibu lake ni sehemu ya bei.

Jambo la Takata alilolitaja KaziNjema lina upande mwingine unaokuhusu. Gari likipata ajali, mifuko ikafumuka, kuna mafundi wanaoweka mfuko uliotolewa kwenye gari jingine bovu. Mfuko huo unaweza kuwa umetoka kwenye gari lililoitwa. Ukitafuta kwa namba ya fremu utaambiwa hakuna kitu, kwa kuwa namba inajua kilichofungwa kiwandani tu. Tazama kifuniko cha usukani na cha mbele ya abiria: rangi ifanane na plastiki ya jirani, mishono isiwe imekunjuliwa, skrubu zisiwe na alama za kufunguliwa. Ukiona tofauti, uliza historia ya ajali moja kwa moja.

Jamila_T:

Kuhusu dumu la oili: usimshutumu, ila usilisahau. Muulize swali jepesi, kwamba anaongeza kiasi gani kati ya kubadilisha oili mara moja na nyingine. Mwenye gari anayelijua gari lake atajibu bila kufikiri. Mwombe pia akuruhusu mjaze pamoja mpaka alama ya juu, muandikishane kilomita, na umrudie baada ya yeye kulitumia kama kawaida. Muungwana kama ulivyomsifia hatakataa. Na kama inakula kidogo, bado inaweza kuwa gari la kununua, ilimradi bei iseme hivyo na wewe uwe mtu wa kupima kila wiki. Injini ya namna hii huharibiwa na mwenye gari anayesubiri taa iwake, na taa hiyo ikiwaka oili imeshapungua vibaya.

MamaZuhura:

Amekubali tujaze oili pamoja, na amesema ataendelea kulitumia kwenda kazini. Kwa swali la kiasi anachoongeza, alisita kidogo, akasema "si nyingi." Nimeliandika hivyohivyo.

Nimetafuta namba ya fremu kwenye ukurasa wa Japani. Wito wa mikanda umetokea, na kwa kitafsiri naona unasomeka kuwa haujafanyika. Mwakilishi nimemwandikia leo. Gari litapandishwa juu Jumamosi. Fundi, nikiwa pale chini na fundi nisiyemfahamu, nimwambie nini ili asinipitishe haraka?

FundiMiguu:

Umefanya kazi ambayo wanunuzi wachache wanaifanya, hongera sana.

Mwambie kwanza kwamba hutaki alaimenti wala hutaki akaze chochote, unataka kutazama tu. Akianza kukaza nati kabla hujaziona, hutajua zilikuwaje. Aanze na amu za nyuma zenye uzi, kulia na kushoto, amulike kwa taa, azitikise mbele yako. Akisema ziko sawa, mwombe apime mkazo wa nati kwa spana ya kipimo dhidi ya kitabu cha matengenezo cha gari hilo, asikaze kwa kukadiria na mkono. Asipokuwa na spana hiyo, tafuta karakana nyingine kwa kipengele hicho.

Baadaye aangalie bushi, boljointi, shokapu na uvujaji wa oili chini ya injini, ukaguzi wa kawaida huo, ataujua mwenyewe. Mkimaliza lishusheni, kiti cha nyuma kiinuliwe hapohapo akiwa bado yupo akusaidie, upapase fremu pande zote mbili. Watoto wasikae nyuma ya gari hilo, hata kwa safari ya kulijaribu, mpaka vifuniko viwepo.

Piga picha za uzi na nati za kila upande kwa karibu, uziweke hapa pamoja na jibu la mwakilishi. Nitazitazama Jumamosi jioni.